Mashabiki na Askari wa Langoni

Tarehe 1 Julai 2024, siku ya kuadhimisha uhuru wa Rwanda, Uwanja wa Amahoro mjini Kigali ulifunguliwa upya baada ya kupanuliwa kutoka nafasi 25,000 hadi nafasi 45,000. Kwa mchezo wa ufunguzi zilichaguliwa timu mbili za watu wa sare: APR, ambayo ni timu ya jeshi, na Police, ambayo jina lake linajieleza lenyewe. Ilikuwa siku ya heshima na ya wageni wakubwa. Lakini majuma mawili kabla yake, tarehe 15 Juni, uwanja huo huo ulikuwa umejaribiwa kwa mchezo wa namna nyingine, kati ya APR na Rayon Sports. Hakuna bao lililofungwa. Hata hivyo, kwa mgeni aliyetaka kujua kandanda ni kitu gani katika mji wa Kigali, hiyo ya tarehe 15 ndiyo iliyokuwa siku yake.

Rayon Sports ilizaliwa Nyanza mwaka 1968, katika mji uliokuwa makao ya wafalme. APR ilizaliwa mwaka 1993 miongoni mwa wapiganaji waliokuwa bado vitani. Ya kwanza huvaa buluu na nyeupe, ya pili nyeusi na nyeupe. Wapenzi wa Rayon huiita Gikundiro, maana yake kipenzi, na jina hilo hulitamka kama mtu anavyomtaja mwanawe. Wapo watu ambao kwao kupenda timu ni kukaa, kutazama dakika 90, kisha kwenda zao nyumbani. Wapo wengine ambao siku ya mchezo huianza alfajiri, wakajipaka rangi mwili mzima, wakabeba ngoma na tarumbeta, wakachanga nauli kuifuata timu Huye au Rubavu, na timu ikifungwa hawali chakula cha jioni. Hao ndio mashabiki sugu, na juu yao ndipo maneno ya watu yalipo mengi.

Mwenye duka karibu na uwanja huteremsha mlango kabla ya filimbi ya mwisho. Mzazi humwonya binti yake asipite njia ile. Mtu wa ofisini husema kwamba hao ni vijana wasio na kazi, walevi na wahuni, ingawa si ajabu kwamba yeye mwenyewe, chini ya koti lake la Jumamosi, amevaa fulana ya buluu. Ni wachache wanaotaja kwamba vikundi hivyo vya mashabiki, kama Gikundiro Forever, vina viongozi wao na michango yao. Kwamba mwanachama akifiwa wenzake humzikia, na akioa wenzake huchanga. Jamii huona rangi iliyopakwa usoni na kusikia kelele, na kwa hayo mawili huwa imekwisha kutoa hukumu. Penye wengi pana mengi, walisema wahenga, na askari aliyewahi kusimama langoni siku ya mchezo mkubwa anaujua ukweli wa neno hilo kuliko wahenga waliolisema.

Haitakuwa haki kudai kwamba hofu hii haina msingi. Kama kuna nchi yenye sababu ya kushtuka inapoona vijana wengi wamevaa rangi moja na kuimba wimbo mmoja, nchi hiyo ni Rwanda. Kundi la Interahamwe, lililokuwa mstari wa mbele katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, halikuanza na mapanga. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vyama vingi vya siasa viliporuhusiwa, na sehemu ya mizizi yake ilikuwa katika vilabu vya kandanda na mashabiki wao mjini Kigali. Chama tawala cha MRND kilikiona hapo kitu ambacho kila chama hukitafuta: vijana wanaofahamiana, wenye nyimbo zao, wenye viongozi wanaotiiwa, ambao wakiitwa hukusanyika kwa saa moja.

Hapa ndipo uangalifu unapotakiwa. Kati ya kijana anayepiga ngoma nyuma ya goli na muuaji aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani kuna hatua nyingi, na wala si mpira uliozipiga hatua hizo. Fedha zilitoka kwa wakubwa, na pombe pia. Chuki ilipikwa na kutangazwa kwa redio. Silaha zilitoka katika maghala, na mafunzo ya kuzitumia yalitolewa katika kambi za jeshi na askari wa serikali ya wakati ule. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, alipeleka New York habari alizozipata kwa mtu aliyekuwa miongoni mwa wakufunzi wa vijana hao, juu ya mafunzo hayo na juu ya silaha zilizofichwa mjini Kigali. Mtoa habari huyo hakusema neno juu ya ushabiki wa kandanda. Aliyoyaeleza ni mafunzo, maghala na amri, na hayo yote ni mambo ya watu wa sare.

Rwanda haikuwa peke yake. Katika miaka ile ile, huko Yugoslavia, mashabiki sugu wa timu ya Red Star ya Belgrade walikuwa na kiongozi wao aliyeitwa Željko Ražnatović, maarufu kwa jina la Arkan. Tarehe 13 Mei 1990 mashabiki hao na wale wa Dinamo Zagreb walipigana vibaya sana katika uwanja wa Maksimir mjini Zagreb, na hata leo wapo wanaosema kwamba vita vya Yugoslavia vilianza siku hiyo. Usemi huo unapendeza masikioni, lakini unawasamehe wenye hatia. Miezi michache baadaye, Oktoba 1990, Arkan aliunda kikosi cha wapiganaji wa kujitolea, wengi wao wakitoka katika jukwaa la Red Star, na kikosi hicho kiliua raia huko Bosnia. Nani aliwapa bunduki na magari? Bunduki za kikosi kizima hazinunuliwi kwa viingilio vya uwanjani. Kama ilivyokuwa Kigali, palikuwa na dola nyuma ya kundi, na wenye vyeo walifumba macho pale walipopaswa kuyafumbua.

Kisa cha mlinda mlango mmoja kinaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Eric Murangwa alikuwa golikipa kijana wa Rayon Sports mwaka 1994. Mauaji yalipoanza mwezi Aprili, askari waliingia nyumbani kwake Kigali wakipekua na kutisha, na kwa kuwa yeye ni Mtutsi, maisha yake yalikuwa yamefika ukingoni. Katika kupekua, mmoja wa askari wale aliona kitabu cha picha. Akazitazama picha za timu, akamtazama aliyesimama mbele yake, akamtambua kuwa ndiye golikipa aliyekuwa akimshangilia. Majuma machache tu kabla, Rayon Sports ilikuwa imeitoa Al Hilal ya Sudan katika mashindano ya Afrika, na Kigali nzima ilikuwa imecheza barabarani bila kuulizana kabila. Askari yule akaanza kuzungumza habari za mchezo ule. Murangwa hakuuawa siku hiyo. Siku zilizofuata alifichwa na wachezaji wenzake, wakiwemo Wahutu waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, na akaokoka. Baadaye alirudi kulinda lango, na amesimulia habari hizo hadharani mara nyingi ili zisisahauliwe.

Kwa hiyo ushabiki ule ule, katika mji ule ule na mwezi ule ule, ulikuwa mlango wa kuingilia katika kundi la wauaji kwa wengine, na kwa mtu mmoja ulikuwa ngao. Mtu anayesema kwamba mashabiki kwa asili yao ni watu wa damu, hana budi kueleza habari za askari yule na kitabu cha picha. Na anayesema kwamba kandanda huleta undugu daima, naye aeleze habari za Interahamwe. Askari wa leo hahitaji kuchagua moja kati ya semi hizo mbili. Anachohitaji ni kutazama nani analiita kundi, nani analilipa, na linaambiwa nini likiisha kukusanyika. Kundi la mashabiki linaloanza kuimba juu ya majirani badala ya kuimba juu ya magoli, na ambalo mbunge au tajiri fulani analinunulia fulana bila kujulikana anataka nini, hilo ni jambo la kuripotiwa. Vijana waliojipaka rangi ya buluu wakamtukana refa, hilo ni jambo la Jumamosi.

Ipo hofu ya pili, isiyo ya vita bali ya kila juma, nayo ni fujo za uwanjani. Hapo pia jamii imezoea kulitazama jambo kwa jicho moja. Maafa makubwa kabisa yaliyotokea viwanjani hayakuletwa na ngumi za mashabiki. Yaliletwa na milango.

Butembo si mbali sana na Kigali. Ni mji wa Kivu ya Kaskazini, na Kiswahili kinasemwa huko sokoni na uwanjani. Tarehe 14 Septemba 2008 timu ya Nyuki ilikuwa ikicheza na Socozaki. Nyuki walikuwa wamefungwa. Golikipa wao alipanda mbele hadi upande wa wapinzani, na watu wakaamini kwamba alikwenda kufanya uchawi. Wachezaji wakagombana, mashabiki wakaingilia. Ofisa wa polisi alipojaribu kutuliza akapigwa mawe. Mpaka hapo ilikuwa ni fujo ya kawaida ya kijinga, ya namna ambayo huisha kwa pua kadhaa kuvuja damu. Ndipo polisi walipotupa mabomu ya machozi na kufyatua risasi hewani. Umati ukakimbilia njia za kutokea, na watu zaidi ya 10 wakafa kwa kubanwa, wengi wao wakiwa vijana wadogo. Hao waliokufa hawakurusha mawe wala hawakumshtaki mtu kwa uchawi. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira.

Namna kifo hicho kinavyokuja ni jambo ambalo kila askari wa langoni angepaswa kulijua kama anavyojua kufungua bunduki yake na kuisafisha. Watu wanapofika 6 au 7 katika mita 1 ya mraba, mtu hana tena amri juu ya miguu yake. Anakwenda umati unakokwenda, kama kipande cha mti mtoni. Walio nyuma hawajui kwamba mbele pamefungwa. Wanasukuma kwa sababu macho yanawawasha na hewa imekuwa chungu, nao wakisukuma, wa mbele hawawezi kupanua kifua. Wengi hufa wakiwa wamesimama wima, kwa kukosa pumzi, wala si kwa kukanyagwa. Na watu walioshtuka hukimbilia mlango ule ule walioingilia, hata kama upo mwingine ulio wazi upande wa pili, kwa kuwa ndio wanaoujua. Bomu la machozi, ambalo barabarani huwatawanya watu kwa sababu kila mmoja ana pa kukimbilia, uwanjani hufanya kinyume chake: huwakusanya wote mahali pamoja.

Habari hizi zina umri mrefu, na hilo ndilo linalosikitisha. Mjini Lima, nchini Peru, tarehe 24 Mei 1964, mashabiki walikasirikia uamuzi wa refa, gesi ikatupwa, milango ya kutokea ikawa imefungwa, na watu 328 walikufa. Accra, tarehe 9 Mei 2001, mashabiki wa timu iliyokuwa ikifungwa walirusha viti, gesi ikatupwa, walikufa watu zaidi ya 120. Malang, nchini Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, mashabiki waliingia kiwanjani baada ya mchezo, gesi ikatupwa, walikufa 135. Katika visa vyote vitatu mashabiki walikuwa na kosa la kweli mwanzoni, na katika vyote vitatu adhabu iliwaangukia watu ambao wengi wao hawakuwa na kosa hilo. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza askari waliopangwa kando ya kiwanja kuchukua au kutumia bunduki na gesi ya namna hiyo. Kanuni hiyo ilikuwapo kabla ya Malang.

Nairobi nayo ilipata msiba wake tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards katika uwanja wa Nyayo, ambapo watu 7 walikufa katika msongamano. Hapo pia wapo waliosema upesi, kabla hata maiti hazijazikwa, kwamba mashabiki wa timu hizo ndivyo walivyo.

Neno hilo, kwamba ndivyo walivyo, lina madhara kuliko watu wanavyodhani. Nchini Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na idadi ya waliofariki kutokana na siku hiyo imefika 97. Ofisa mkuu wa polisi aliyesimamia mchezo alikuwa ameamuru lango la nje lifunguliwe ili kupunguza msongamano, lakini hakuna aliyewaongoza watu waliotiririka ndani, nao wakaingia katika sehemu ambayo tayari ilikuwa imejaa. Kisha ofisa huyo akasema kwamba mashabiki ndio waliovunja lango. Magazeti yakachapa kwamba walikuwa walevi, na taifa zima likaamini, kwa sababu katika miaka ile mashabiki wa Uingereza walikuwa na jina baya, na kwa sehemu walilistahili. Miaka minne tu kabla yake, tarehe 29 Mei 1985, watu 39 walikufa mjini Brussels baada ya mashabiki wa Liverpool kuwashambulia wenzao wa Juventus. Nani angewatetea watu kama hao? Ilichukua hadi mwaka 2012 kwa jopo huru kuonyesha kwamba taarifa 164 za polisi zilikuwa zimebadilishwa, na hadi tarehe 26 Aprili 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Miaka 27 ilikuwa imepita, na wazazi wengi walikuwa wamekufa bila kuisikia hukumu.

Polisi wa Sheffield siku ile hawakuwa wauaji wala hawakukusudia maovu. Waliwatazama watu waliokuwa wakipiga kelele nyuma ya wavu, na kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kwamba kelele za mashabiki ni fujo, walidhani wanaona fujo. Waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wakiomba wafunguliwe.

Hakuna anayesema kwamba mashabiki wote ni malaika. Port Said, nchini Misri, tarehe 1 Februari 2012, mashabiki wa Al Masry waliwavamia wale wa Al Ahly wakiwa na visu na marungu, na waliokufa walizidi 70. Polisi walikuwapo, wakatazama. Kusimama bila kufanya lolote ni kosa kubwa sawa na kutupa gesi ovyo. Lakini hata huko Misri, wengi wa waliokufa walifia mbele ya lango lililofungwa.

Katika Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee kwa askari kwa sababu wao wenyewe ni sehemu ya mashindano. Jeshi lina APR na polisi wana timu yao. Hata kabla ya mwaka 1994 jeshi la wakati huo lilikuwa na Panthères Noires. Hakuna aibu katika hilo. Majeshi mengi duniani yana timu. Lakini mwanajeshi aliyepangwa langoni siku ya APR na Rayon ana mioyo miwili chini ya kombati moja. Timu yake ikifungwa dakika ya 88, na mbele yake kijana wa buluu anamkatikia kiuno kwa furaha, hapo ndipo nidhamu yake inapopimwa, pengine kuliko siku ya gwaride. Shabiki wa Rayon akipigwa kirungu na mtu wa sare siku ya APR, hata kama alistahili, hataamini kamwe kwamba alipigwa kwa ajili ya sheria. Ataamini kwamba alipigwa kwa ajili ya goli. Na atawasimulia wenzake katika basi la kurudi.

Aliyerusha chupa ana uso na ana nafasi yake ya kukaa, na siku hizi zipo kamera. Huyo akitolewa peke yake, wenzake wenyewe mara nyingi watamsogeza mbele, maana vikundi vyenye viongozi vina aibu na vina jina la kulinda. Kiongozi wa mashabiki ambaye ofisa wa zamu anamjua kwa jina na amezungumza naye asubuhi, anaweza kukalisha watu 500 kwa kuinua mkono. Ofisa asiyemjua hana kingine ila kirungu.

Uchawi, kwa mfano, haukuishia Butembo. Mwezi Desemba 2016, katika mchezo wa Mukura na Rayon Sports, mshambuliaji wa Rayon alikimbilia goli la Mukura akang'oa kitu kilichokuwa karibu na mwamba, golikipa akamfukuza, watu wakasimama vitini wakipiga kelele. Mshambuliaji yule akapewa kadi ya njano. Baadaye akasawazisha, jambo ambalo halikusaidia kuwashawishi watu kwamba hapakuwa na kitu. Mchezo uliendelea hadi mwisho. Shirikisho la kandanda la Rwanda, FERWAFA, lilikuwa halina kanuni juu ya uchawi. Likakaa, likaandika faini na adhabu nyingine kwa mchezaji, kwa kocha na kwa klabu. Ubishi juu ya kile kilichong'olewa pale langoni uliendelea kwa majuma mengi katika mabaa ya Nyamirambo, na wote waliokuwa uwanjani walikuwapo kuubishana.